Mbegu za Uyoga Bila Sufuria ya Presha: Moto wa Siku Tatu

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Itetemia, Tabora, kabla ya harambee



Nawaona watani zetu Wazaramo, wamekuja wakijua kuna pilau. Karibuni sana. Ila utaratibu wa leo ni huu: kabla ya pilau kuna harambee, na kabla ya harambee kuna mimi. Vumilieni kidogo.

Nimepewa dakika ishirini nieleze jambo moja. Kwenye makabrasha yenu kuna pendekezo la mradi wa uyoga kwa vikundi vya akina mama na vijana. Kuna wanaosema tuchange tununue mtambo mkubwa wa presha wa kutakasia nafaka ya kutengenezea mbegu. Kuna wanaosema tuanze na mapipa na kuni. Mtakaotoa fedha ni ninyi, kwa hiyo ni haki yenu kujua ndani ya pipa kunatokea nini, linaweza nini na haliwezi nini.

Kwa nini tutengeneze mbegu hapa

Uyoga tunaouzungumzia ni ule wanaouita mamama, unaoota kwenye mabua. Sisi watu wa Tabora mpunga tunalima, na baada ya mavuno mabua huchomwa moto au huliwa na ng'ombe yakabaki. Kwa hiyo chakula cha uyoga tunacho. Nyumba nazo tunazo. Tembe la ukuta mnene wa udongo, lenye madirisha madogo na paa zito, ni baridi mchana na lina giza la kutosha. Nendeni Kwihara mkaingie kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, mtasikia wenyewe ubaridi wake. Mkulima wa uyoga wa nchi nyingine hulipia umeme kupata chumba kama hicho.

Kinachotukwamisha ni mbegu. Mbegu ya uyoga si punje kavu unayoweza kuiweka kwenye kibuyu mpaka mwakani. Ni punje za nafaka, mara nyingi mtama, zilizovamiwa na utando mweupe wa uyoga, na utando huo ni kiumbe hai. Unapumua, unachoka, na joto kali linaua. Mtu akiagiza chupa kutoka Dar es Salaam, zinasafiri kilomita zaidi ya 800. Chupa zikikaa kwenye buti ya basi mchana wa mwezi wa kumi, zinazofika hapa ni nusu mzima nusu mgonjwa. Babu zetu walibeba mizigo ya watu toka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, na walijua mzigo upi unahimili safari na upi hauhimili. Huu hauhimili. Dawa yake ni kuleta chupa chache za mbegu mama, zilizofungwa vizuri na kusafirishwa usiku, kisha tuzizalishe hapahapa.

Na kuzizalisha maana yake ni kupata mtama uliotakaswa.

Adui ni nani

Mtama tunaoujua sisi ni chakula. Lakini ukiuloweka na kuuweka kwenye chupa yenye joto, si uyoga peke yake unaoutaka. Kila punje imetoka shambani na vumbi, na ndani ya vumbi kuna ukungu na bakteria. Hao hukua haraka kuliko uyoga. Utando wa uyoga unahitaji wiki mbili mpaka tatu kuijaza chupa. Bakteria huhitaji siku mbili tu kuifanya chachu.

Ukungu si tatizo kubwa, maana mvuke wa maji yanayochemka unaumaliza. Tatizo ni bakteria wa jamii ya bacillus. Hawa wakiona hali mbaya hujifungia ndani ya ganda gumu sana, ambalo wataalamu huliita spora. Humo ndani hawali, hawakui, wanangoja. Spora inaweza kukaa kwenye maji yanayochemka saa nyingi na isife. Maji yakipoa, inaamka.

Sufuria ya presha inawashinda kwa sababu moja. Mvuke ukibanwa, joto hupanda mpaka karibu nyuzi 120, na spora haiwezi kuhimili nyuzi hizo kwa saa moja na nusu. Sufuria ya kawaida hata ukiiwekea kuni za kijiji kizima haipiti joto la maji kuchemka. Na hapa kwetu tuna hasara nyingine ambayo vitabu vilivyoandikwa pwani havisemi. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya bahari. Kila mita 300 unazopanda, maji huchemka kwa karibu nyuzi moja pungufu. Kwa hiyo Dar es Salaam maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na hapa Itetemia kwenye nyuzi kama 96. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva, mama zetu wanajua.

Basi mtu atauliza: kama mvuke hauui spora, tunafanyaje bila presha?

Hila ya siku tatu

Mwaka 1877, miaka mitano tu baada ya Livingstone kuondoka Kwihara, mwanasayansi mmoja mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi London, John Tyndall, alikuwa akihangaika na jambo hilihili. Alikuwa akichemsha maji yaliyolowekwa nyasi kavu. Akichemsha saa kadhaa, bado baada ya siku chache maji yanaoza. Akatambua kwamba viini vilivyolala havishindwi kwa nguvu, ila vikiamka vinakufa kirahisi. Akaacha kuchemsha kwa muda mrefu mara moja, akaanza kuchemsha kwa muda mfupi mara nyingi, akiacha nafasi katikati ili waliolala waamke. Njia hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Kwetu sisi hesabu yake ni hii. Siku ya kwanza unapitisha mvuke, wanakufa wote walio macho. Usiku chupa zinabaki na uvuguvugu na unyevu, na spora zikidhani mvua imenyesha, zinaamka na kuvua ganda. Siku ya pili unapitisha mvuke tena, hao nao wanakufa. Zilizochelewa kuamka zinaamka usiku wa pili, na siku ya tatu unazimaliza.

Mambo mawili ndiyo yanayoiponza njia hii, na yote ni ya watu kutoelewa sababu. La kwanza ni kuruka siku. Bakteria aliyeamka ukimwacha siku mbili, anazaa, kisha watoto wake nao wanajifungia ganda. Ukiruka siku hukupumzisha moto, umefuga mifugo. La pili ni baridi. Spora haziamki kwenye baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Tabora unashuka, na chupa zikiachwa nje zinapoa mpaka zinalala usingizi ileile ya jana. Siku ya pili unachemsha bure. Kwa miezi hiyo, moto ukishazimwa, pipa libaki limefunikwa magunia na blanketi mpaka asubuhi, likae kama nyuzi 25 mpaka 30.

Kazi yenyewe

Akina mama wa vikundi waliniomba nieleze kwa utaratibu ili kitakachochapwa kwenye kijitabu hiki waweze kukifuata. Haya.

Chagua mtama mzima, usiovunjika, usiotiwa dawa ya ghala. Uoshe mpaka maji yatoke meupe. Uloweke tangu jioni mpaka kesho yake, saa 12 mpaka 24. Kuloweka huku si kwa ajili ya kulainisha tu. Ndiko kunakoanza kuziamsha spora.

Chemsha taratibu kama robo saa mpaka dakika ishirini. Unataka punje iliyoiva ndani bila kupasuka. Ibonyeze kwa kucha: ikibonyea, tosha. Punje zilizopasuka zinatoa uji, na uji ndio kitanda cha bakteria.

Chuja, tandaza kwenye chekeche au mkeka safi, acha ipoe na ikauke nje. Chukua kiganja kimoja uweke juu ya karatasi. Karatasi ikilowa, bado. Hapa ndipo chupa nyingi zinapoharibikia, kuliko kwenye moto. Ndani punje iwe na maji, nje iwe kavu. Kisha changanya kijiko kimoja cha chakula cha unga wa jipsam, ule wa mafundi dari, kwa kila kilo moja ya mtama mkavu uliyoanza nao, ili punje zisigandane.

Jaza chupa za kioo zilizooshwa, za bia au za konyagi, mpaka theluthi mbili. Ziba mdomo kwa pamba iliyokazwa, si kwa kifuniko cha kukaza. Chupa iliyokazwa kifuniko inaweza kupasuka na kumwumiza mtu, na tena utando unahitaji hewa. Juu ya pamba funga karatasi ngumu au foili ili matone ya mvuke yasiiloweshe.

Pipa: chini panga matofali, juu yake weka wavu wa chuma. Maji yaishie chini ya wavu, yasiguse chupa. Panga chupa, funika magunia, kisha mfuniko wenye upenyo mdogo wa kutolea mvuke. Hesabu ya muda haianzi unapowasha moto, inaanza mvuke unapotoka kwa nguvu. Tangu hapo saa moja na nusu, kila siku, siku tatu mfululizo, na kila siku uangalie maji yasikauke. Jambo moja nalisema kwa mkazo kwa sababu tuko mkoa wa tumbaku: pipa lililowahi kubeba dawa ya shambani lisitumike, hata likioshwa mara kumi.

Siku ya tatu chupa zikipoa kabisa, ndipo unapandikiza. Chumba kifungwe, pasiwe na upepo wala mtu wa kufagia. Mikono ioshwe na kupanguswa spiriti. Kazi ifanyike karibu na mwali wa taa ya spiriti, mdomo wa chupa upitishwe motoni, unamimina punje za mbegu mama, unaziba. Spiriti na moto si marafiki: pangusa mikono, ingoje ikauke, ndipo uwashe. Chupa moja ya mbegu mama hutosha kupandikiza chupa kama kumi. Lakini kizazi kisipite cha pili au cha tatu; baada ya hapo utando unachoka na inabidi kuagiza mbegu mama mpya.

Weka chupa mahali penye giza. Baada ya wiki moja zitikise. Baada ya wiki mbili au tatu chupa nzuri ni nyeupe yote na inanukia uyoga. Ukiona kijani, nyeusi au rangi ya chungwa, ni ukungu. Ukiona punje zinateleza na zinanuka uchachu, ni bakteria. Chupa hiyo usiifungue chumbani. Ichemshe ikiwa imefungwa kwa pamba yake, kisha fukia. Na asije mtu akasema mtama huo upewe kuku. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye nafaka. Nafaka iliyoota ukungu si chakula cha kiumbe yeyote wa nyumbani kwako.

Mabua hayahitaji yote haya

Kosa ninaloliona ni watu kudhani mabua nayo yatakaswe siku tatu. Hapana. Mtama una wanga mwingi, ni karamu kwa kila mdudu, ndiyo maana unalindwa hivi. Mabua ni chakula kigumu, bakteria wengi hawakiwezi, mamama anakiweza. Mabua yaliyokatwakatwa yanatosha kukaa kwenye maji ya moto ya nyuzi 70 hivi kwa saa moja au mbili. Wengine hawatumii moto kabisa: wanayaloweka usiku kucha kwenye maji ya chokaa makali, wanayachuja, wanapanda. Kwa kuwa kilo moja ya mbegu inapandia kilo kumi mpaka ishirini za mabua mabichi, kazi ya kutakasa kwa siku tatu ni ya sehemu ndogo tu ya mradi mzima.

Suala la kuni

Hapa nafika kwenye jambo zito, na nawaomba wazee wanisikilize.

Uyoga wa porini tunaouokota mvua zikianza, ule mama zetu wanaouuza kwenye beseni kando ya barabara, sehemu kubwa hauwezi kupandwa kwenye chupa wala kwenye mabua. Unaishi kwenye mizizi ya miti ya miombo. Mtundu na myombo vinaupa sukari, nao unavipa maji na chumvichumvi za udongo. Mti ukikatwa, uyoga wake nao umekwenda. Uyoga mwingine unaota kwenye vichuguu, nao ni kazi ya mchwa, si yetu. Kwa hiyo mamama hawezi kuziba pengo la msitu. Anaweza kumpa mama kitoweo na fedha kiangazi, wakati porini hakuna kitu. Ni msaada, si mbadala.

Tunajua miombo imeliwa na nini: mkaa, mashamba, na mabani ya kukaushia tumbaku. Sasa moto wa siku tatu ni moto wa mara tatu. Kama kila kikundi kitakata miombo kuwasha pipa, tutakuwa tunaua uyoga mmoja ili tupike mwingine. Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaotaka mtambo wa presha, na ni hoja ya haki: presha inamaliza kazi kwa moto mmoja.

Majibu yangu ni matatu. Kwanza, pipa lisiwashwe kwa chupa tano. Vikundi vishirikiane, pipa lijae, moto uwe mmoja kwa wote. Pili, jiko liwe la udongo lililozungushiwa pipa, si mafiga matatu yanayopoteza joto hewani, na nishati iwe magunzi ya mahindi na pumba za mpunga, vitu tunavyovitupa. Tatu, mabua yatakaswe kwa chokaa, bila moto. Tukifanya hivyo, kuni za miombo hazihitajiki.

Ninachowaomba

Ndugu zangu, mimi siupingi mtambo wa presha. Naupinga kuwa wa kwanza. Mtambo mkubwa unahitaji umeme wa uhakika au gesi, unahitaji fundi wa kuukagua, unahitaji mtu aliyefunzwa kuufungua, maana mvuke uliobanwa unaunguza na unaua. Tumeona katika wilaya nyingi mashine za msaada zikigeuka viota vya kuku kwa sababu zilitangulia kabla ya ujuzi. Anayejua kukausha punje vizuri na kupandikiza kwa usafi atafaulu na pipa, na presha ikija itamwongezea mwendo. Asiyejua, presha itamwongezea hasara.

Wala sitawadanganya kwamba pipa ni sawa na presha. Hata kwa mtu makini chupa kadhaa zitaharibika katika kila pipa. Kikundi kiandike: chupa ngapi ziliingia, ngapi ziliota vizuri, ngapi zilitupwa na kwa dalili ipi. Daftari hilo baada ya msimu mmoja ndilo litakalotuambia kama mtambo unastahili kuchangiwa. Tukija kwenu mwakani kuomba fedha kubwa, tuje na daftari, tusije na maneno.

Kwa mwaka huu tunaomba vitu vinne, na bei zake ziko kwa mhazini, kila mtu anaruhusiwa kuziangalia. Mapipa mapya yasiyobeba dawa, pamoja na nyavu zake. Fundi wa kujenga majiko ya udongo yanayotumia magunzi na pumba. Vifaa vya kupandikizia na vipimajoto, maana nyuzi 25 hazipimwi kwa kiganja. Na nauli na ada ya akina mama na vijana wawili wawili kutoka kila kikundi waende kujifunza kwa wataalamu, warudi na mbegu mama mikononi mwao. Asiye na fedha ana chupa tupu, ana magunzi, ana tembe ambalo hakuna anayelala ndani yake. Vyote hivyo ni mchango na vitaandikwa.

Ninyi mlioko mbali, najua mnaombwa mengi: shule, zahanati, msiba, harusi. Hili halitajenga ghorofa. Litampa mama wa Itetemia kitu cha kuuza mwezi wa nane, wakati mpunga umeshauzwa na mvua bado. Mwenye kutaka kuona, kamati imetenga mahali pa kuwashia pipa la kwanza wiki ijayo. Ila aje siku zote tatu. Anayekuja siku moja atakuwa ameona mvuke tu.

Sasa namkabidhi mshereheshaji kipaza sauti, na bahasha zenu nawakabidhi ninyi.